Nimekuta bahasha ya midoli yetu ya karatasi. Gauni moja halijakatwa: nilikate au niliache?

MkasiMdogo (mleta uzi)

Habarini wanajukwaa.

Wiki iliyopita nilikuwa napanga vitu vya zamani, nikakuta bahasha ya kaki imefungwa kwa uzi. Nilipoifungua nilikaa sakafuni na sikuinuka kwa muda mrefu. Ndani alikuwamo Nuru, mdoli wa karatasi niliyecheza naye na dada yangu, pamoja na nguo zake zote. Nimezihesabu mara mbili: magauni, sketi, makoti na vazi la mvua, jumla 31.

Kwa ambao hawakuwahi kucheza mchezo huu: Nuru ni mchoro wa msichana aliyesimama, urefu kama kiganja kilichokunjuliwa, amekatwa kwa kufuata mstari na kubandikwa kwenye kadibodi ya boksi la viatu. Amechorwa na nguo za ndani tu. Nguo nyingine zilichorwa kando kwenye karatasi nyepesi, kila moja na vipande vidogo vya mraba mabegani na kiunoni. Unaiweka nguo juu yake, unakunja vile vipande nyuma, nguo inashika. Sisi tuliviita masikio. Nguo isiyo na masikio kwetu haikuwa nguo, ilikuwa picha.

Dada ananizidi miaka mitano. Yeye alichora, mimi nilikata. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kwamba mkono wenye mkasi unatulia, mkono wenye karatasi ndio unaozunguka. Mpaka leo nikikata chochote nasikia sauti yake: "Zungusha karatasi, usizungushe mkasi."

Sasa kilichonigusa zaidi ni yale masikio. Kwa kuyatazama tu najua tulichezaje. Kuna gauni la sherehe ambalo dada alilitia nakshi kwa siku nyingi, ua moja moja. Masikio yake yako vilevile kama siku yalipokatwa, yana mkunjo mmoja hafifu. Halafu kuna sketi ya bluu niliyoichora mimi, imepinda, rangi imemwagika nje ya mstari. Masikio yake yamekunjwa na kukunjuliwa hadi yamekuwa laini kama kitambaa, na moja limewahi kung'oka likabandikwa jingine. Hiyo ndiyo aliyovaa akienda kazini. Nuru alikuwa anaenda kazini kila siku, sherehe zilikuwa chache.

Naombeni ushauri kwa mambo mawili. Kwanza, shingo yake ilikatika tukiwa wadogo, tukaibandika selotepu. Sasa selotepu imekuwa ya njano na inanata pembeni. Pili, kuna gauni moja ambalo halijakatwa. Limechorwa lote, masikio yapo, rangi imefika nusu: mkono wa kulia na kifua ni kijani, kwingine ni mistari mitupu. Nilimalizie na kulikata, au niliache kama lilivyo?

---

KakaWaWatatu

Mleta uzi umenirudisha mbali sana. Nimelelewa na dada watatu, na mchezo huu nimeucheza kwa miaka, ingawa nje ya nyumba sikumwambia mtu.

Kazi yangu ilikuwa nyumba. Tulichukua daftari lililobaki kurasa chache, kila kurasa mbili zinazotazamana zikawa chumba. Unachora ukuta, dirisha, meza. Utamu ulikuwa kwenye kitanda. Unakichora na shuka lake, kisha unapasua kwa wembe ule mstari wa juu wa shuka tu. Mdoli anaingia kwenye mpasuo, mwili unapotea nyuma ya ukurasa, kichwa kinabaki kwenye mto. Amelala kweli! Kabati ni hivyohivyo: unakata pande tatu za mlango, upande wa nne unaukunja, na nyuma yake unabandika mfuko wa karatasi wa kutunzia nguo. Mchezo ukiisha unafunga daftari na familia nzima imelala humo ndani, hakuna kinachopotea.

Adui alikuwa upepo. Mtu akifungua mlango ghafla, ukoo mzima uko chini ya meza. Tulijifunza kucheka tukiwa tumegeuza uso pembeni.

Kuhusu gauni, mimi nasema malizia ukate.

---

Mpenda_Kale

Mkuu KakaWaWatatu, nyumba zako za daftari zina ndugu wa zamani. Kuanzia miaka ya 1870 hivi, kule Marekani, wasichana na mama zao walitengeneza vitabu vya namna hiyo: kila ukurasa chumba, samani zimekatwa kwenye majarida na katalogi, na midoli ya karatasi inahama kutoka chumba hadi chumba. Vingine vimehifadhiwa kwenye makumbusho hadi leo.

Na ya kuchapwa ina historia ndefu pia. Mwaka 1810 wachapishaji S. & J. Fuller wa London walitoa kijitabu kiitwacho The History of Little Fanny. Hadithi iko kwa mashairi, na ndani yake kuna picha saba za kukatwa za msichana akiwa na mavazi tofauti kadiri maisha yake yanavyobadilika, hadi anakuwa ombaomba na kisha kurudi nyumbani. Kinachofurahisha ni kwamba Fanny hakuwa na mwili mmoja wa kuvishwa. Alikuwa na kichwa kimoja chenye shingo, kikichomekwa kwenye kila vazi. Kichwa ndicho kilichohama.

Kwenye swali lako la pili ninapingana na kaka hapo juu. Liache. Wakusanyaji wa midoli ya karatasi huthamini zaidi karatasi ambayo haijaguswa na mkasi. Ukishakata hakuna kurudi.

---

MkasiMdogo

Mpenda_Kale, nimesoma habari ya Fanny nikasimama. Dada aliwahi kufanya jambo hilohilo na hakuwa amesoma popote!

Shingo ya Nuru ilipokatika, selotepu haikuwa suluhisho la kwanza. Dada alikichukua kichwa, akakiongezea kwa nyuma ulimi mrefu wa kadibodi, kisha akaanza kupasua kola za nguo moja baada ya nyingine ili kichwa kichomekwe. Zipo nguo nne kwenye bahasha zenye mpasuo huo, na siku zote hizi nilidhani ni makosa ya mkasi wangu. Alikuwa anafurahia ubunifu wake. Mimi nililia. Nilimwambia Nuru akivua nguo anabaki kichwa kitupu, sasa atalala na nini? Akaniangalia, akaenda kuomba selotepu.

---

Fundi_Jalada

Salaam wadau. Kazi yangu ni kushona na kutengeneza vitabu vilivyochakaa, kwa hiyo nijibu la shingo.

Selotepu ni adui wa karatasi. Gundi yake ikizeeka inakuwa njano, inaingia ndani ya nyuzi za karatasi na kuacha doa ambalo mara nyingi halitoki. Lakini dada, usiivute! Ukiivuta kavu itaondoka na uso wa mchoro, na usoni ndiko kwenye macho na mdomo wa Nuru. Utando wa plastiki wenyewe ukiwa umeshaachia, unaweza kuuinua polepole kwa kitu chembamba kisicho na makali. Ukiwa bado umeshika, uache au umpelekee mtu anayefanya kazi ya kuhifadhi karatasi. Penye mpasuko, sisi tunatumia karatasi nyembamba ya Kijapani yenye nyuzi ndefu na gundi iliyopikwa kwa wanga wa ngano, kwa sababu inaweza kutolewa baadaye kwa maji kidogo bila kudhuru. Na usimfunike kwa plastiki ya moto kama kitambulisho. Hiyo haina marekebisho.

Mtu asijilaumu kwa shingo kukatika. Shingo ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote na ndiyo inayobeba kila mkunjo wa masikio ya mabegani. Wengi walibandika kijiti cha kiberiti nyuma, kuanzia kisogoni hadi katikati ya mgongo, na hiyo ni dawa nzuri.

Dawa nyingine ni kujua mwelekeo wa nyuzi. Karatasi na kadibodi za kiwandani, nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja. Ukiikunja kidogo bila kuivunja, upande mmoja unatii na mwingine unagoma. Inapotii, mkunjo unafuata nyuzi. Mdoli akatwe ili nyuzi zipite kutoka kichwani kwenda miguuni, hapo atasimama bila kuinama. Akikatwa kinyume, atapiga magoti kila ukimsimamisha.

Pia mlioona midoli yenu ikijikunja kama jani baada ya kubandikwa: karatasi ikilowa gundi hutanuka, ikikauka hujivuta, na kadibodi ya nyuma haiendi nayo sawa. Paka gundi kidogo, weka chini ya vitabu vizito hadi kesho.

---

PenseliNyekundu

Mimi nina swali la rangi. Ninyi ngozi ya midoli yenu mlipaka rangi gani?

Nauliza kwa sababu kwangu hili lilikuwa jambo kubwa. Kwenye boksi la penseli kulikuwa na moja ya waridi hafifu, na wakubwa waliiita "rangi ya ngozi". Niliitumia kwa miaka bila kufikiri. Midoli yangu yote ilikuwa ya waridi, na mimi ninayeichora ni mweusi. Siku moja binamu yangu mdogo alichukua penseli ya kahawia akampaka mdoli wake, nikamwambia amekosea. Akaweka mkono wake karibu na karatasi, hakusema neno. Nilichukua ile kahawia na mimi. Niligundua haitoshi peke yake, inatoka kavu kama udongo, mpaka uanze kwa chungwa hafifu chini, kisha kahawia juu, kisha njano kidogo kwenye mashavu. Kuanzia hapo midoli yangu ilianza kufanana na watu ninaowajua.

---

Mpenda_Kale

PenseliNyekundu, hata kampuni ya Crayola iliuza kalamu ya nta ya waridi hafifu kwa jina la "ngozi" hadi mwaka 1962, ilipoibadilisha jina na kuiita kwa jina la tunda.

Na kuna mtu nadhani utampenda. Jackie Ormes, mchoraji wa katuni Mmarekani mweusi, kati ya 1950 na 1954 alichora katuni kwenye gazeti la Pittsburgh Courier kuhusu mwanamke aitwaye Torchy. Pembeni ya hadithi aliweka Torchy wa kukatwa na nguo zake, zenye masikio na kila kitu. Msichana mweusi wa wakati ule alikuwa na mdoli wa karatasi mrembo, mwenye mavazi ya kisasa, anayefanana naye, na hakuhitaji kitu zaidi ya gazeti lililokwisha kusomwa na mkasi.

Nimeifikiria pia sketi ya bluu ya mleta uzi. Ruth Handler, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Mattel, alieleza kwamba wazo la Barbie lilimjia alipomtazama binti yake Barbara akicheza na midoli ya karatasi. Watoto hawakuwa wanalea vichanga, walikuwa wanaigiza maisha ya watu wazima. Barbie alitoka mwaka 1959. Kwa hiyo Nuru kwenda kazini kila siku, mimi naona ndio mchezo wenyewe.

---

Mwalimu_wa_Awali

Nimesoma uzi mzima kimyakimya, sasa nachangia.

Nafundisha watoto wa miaka minne hadi sita na midoli ya karatasi tunaitengeneza kila muhula. Kwa walio wadogo naanza na mnyororo. Karatasi inakunjwa mbele nyuma kama feni, unachora mtu mmoja juu, mikono yake ifike kwenye kingo zote mbili za mkunjo. Ukikata bila kugusa pale mikono inapokutana na mkunjo, unakunjua msururu wa watu walioshikana mikono. Ukikata hapo, wanaachana wote. Kila mwaka kuna mtoto ambaye wake wanaachana, na kila mwaka kuna mwenzake anayemletea gundi.

Kwa wakubwa kidogo tunafanya mdoli mmoja na nguo. Siri ya nguo inayokaa vizuri ni kutokuichora kwa kubahatisha. Unamlaza mdoli juu ya karatasi, unapitisha penseli kumzunguka, unamwondoa, halafu gauni unalichora ndani na nje ya alama hiyo. Au unatumia kioo cha dirisha mchana: mdoli nyuma, karatasi mbele, mwanga unakuonyesha mabega yalipo. Mtoto akishaelewa hivyo, hakuna tena wa kumwambia "ninunulie". Anataka koti, anachora koti. Hilo ndilo linalonifanya nisiuache mchezo huu.

Kuhusu gauni, dada MkasiMdogo, mimi niko na KakaWaWatatu. Samahani Mpenda_Kale, yale ya wakusanyaji ni karatasi za dukani. Hili ni gauni la mtoto aliyekuwa anamchorea mdogo wake. Lilichorwa likatwe.

---

Mpenda_Kale

Mwalimu, nakuelewa na hoja yako ina uzito. Ila ninachokiona kwenye gauni lile ni mahali mkono wa mtoto uliposimama. Kijani kimeishia kwenye kifua. Ukiongeza kijani chako cha leo, hatujui tena aliishia wapi. Apige picha basi kwanza, picha kali, mbele na nyuma, ndipo aamue.

---

Fundi_Jalada

Nyote mna haki. Lakini kabla ya mkasi fundi hupima. Dada, una rula? Pima mabega ya Nuru, kisha pima mabega ya gauni lile. Pima na kiuno. Nina sababu ya kuuliza: umesema masikio yapo, na aliyechora alikuwa makini. Nataka kujua kama alilichora kwa kumzungushia Nuru penseli.

---

MkasiMdogo

Samahanini kwa ukimya wa siku mbili. Nimepima.

Mabega ya Nuru ni sentimita 4 kamili. Nguo zote za dada nilizopima, kumi na mbili, ziko kati ya 4 na 4 na nusu. Hata ile sketi yangu iliyopinda inamkaa. Gauni la kijani mabega yake ni sentimita 5 na nusu. Nilidhani nimesoma vibaya. Nikamlaza Nuru juu yake, gauni likampita kila upande, na masikio yamesimama hewani mbali na mabega yake. Urefu nao umezidi, ukingo wa chini unafika chini ya miguu.

Miaka yote hii nimeamini kwamba ni gauni la Nuru ambalo halikukamilika. Si lake.

---

KakaWaWatatu

Duh. Basi la nani?

---

PenseliNyekundu

Muulize dada yako! Yupo?

---

MkasiMdogo

Yupo, shukrani kwa Mungu, anaishi mbali nami. Nililipiga gauni picha nyuma na mbele nikamtumia bila maelezo yoyote. Alikaa kimya saa nzima halafu akapiga simu.

Akasema lile gauni ni la mdoli wa pili. Nuru alikuwa wetu sote wawili, na mimi nilikuwa namng'ang'ania, yeye aliona ni wakati nipate wa kwangu peke yangu, mkubwa zaidi, mwenye shingo nene isiyokatika. Akaamua aanze na gauni kwanza, kwa sababu nilikuwa nimemwambia nataka kijani. Alipima kwa macho tu, mwili hakuwa ameuchora bado. Kisha akaenda shule ya bweni. Aliporudi likizo nilikuwa sichezi tena, akairudisha karatasi kwenye bahasha na hakuniambia.

Nilimuuliza kuhusu kukata. Akasema, "Utamvisha nani?"

Nimelifikiria hilo jana kutwa. Gauni halijakatwa na halitakatwa kwa sasa, Mpenda_Kale tulia. Sijaongeza rangi hata nukta. Lakini usiku nilichukua karatasi safi, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha na gauni likiwa nyuma yake, nikawasha taa ya upande wa pili kama Mwalimu alivyosema mwanga ufanye. Safari hii ni kinyume, nguo ndiyo inayonionyesha mwili. Nimeanza na mabega, kuanzia pale masikio yanapotakiwa kukunjwa. Nimeshuka hadi kiunoni. Shingo nimeifanya nene. Kadibodi ninayo, nimeshaikunja pande zote mbili kujua nyuzi zinalala wapi.

Uso sijauchora. Dada anakuja mwezi ujao, yeye ndiye mchoraji. Mimi nitakata.

---

Fundi_Jalada

Gundi kidogo, vitabu vizito hadi kesho yake. Na usisahau kijiti cha kiberiti.